Bendera ikishuka tunasimama, kwenye zebra tunapita: Tabora tunachaguaje sheria ya kutii?

#1 FundiSpoki (mleta uzi)

Wakuu, za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto, ingawa sheria hairuhusu. Nimeuandika wiki nzima, kati ya pancha moja na nyingine.

Nina kibanda cha kutengeneza baiskeli na pikipiki hapa Tabora mjini, chini ya mwembe, karibu na kipilefti ambacho sitakitaja wasije wakanihamisha. Kabla ya hapo niliendesha mabasi ya Dar–Tabora miaka 13, nikaacha 2021 mgongo ulipokataa. Kwa hiyo barabara nimeiona nikiwa juu ya usukani, na sasa naiona nimechuchumaa na spana mkononi. Aliyechuchumaa huona miguu: nani anakanyaga breki, nani anashusha mguu chini, nani anajifanya hajaona.

Jumatano iliyopita, saa kumi na mbili jioni, filimbi ikapulizwa kwenye ofisi moja ya serikali ng'ambo ya barabara. Bendera inashushwa. Kuna kijana wa bodaboda ambaye dakika mbili nyuma nilimwona akikatiza kipilefti upande wa kulia ili asizunguke. Kapakia mshikaki, wanafunzi wawili, helmeti imening'inia kwenye kiwiko kama kikapu cha sokoni. Kijana huyo huyo akafunga breki, akazima pikipiki, akasimama wima. Wanafunzi wakashuka, nao wima. Mama wa karanga akaacha kukoroga mchanga. Noah ikasimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli ya mkaa, magunia mawili na nusu, mtu ambaye kusimama na kuondoka tena ni adhabu tosha, naye akasimama na kuishikilia baiskeli yake kwa kifua.

Kimya. Ukasikia kunguru tu kwenye miembe.

Bendera ikakunjwa, filimbi ya pili, mji ukaendelea. Yule kijana akapiga kiki, akaingia kwenye zebra pale pale mbele yangu, na bibi mmoja aliyekuwa ameshaanza kuvuka akaruka kurudi nyuma kama msichana wa kuruka kamba.

Sasa wakuu, ni mtu yule yule. Hakuna tochi ya bendera, kama ile ya trafiki ya kupimia mwendo. Sijawahi kuona mtu akiandikiwa elfu thelathini kwa sababu alitembea bendera ikishuka. Kwa hiyo ile kauli yetu ya siku zote, kwamba Mtanzania hapendi sheria au hana elimu ya usalama barabarani, mimi siiamini tena. Elimu anayo. Muulize zebra ni ya nani, atakujibu vizuri kuliko mwalimu wa udereva.

Nikaanza kuhesabu sheria tunazozitii bila kusimamiwa. Kwanza majani. Unatoka Nzega usiku, unakaribia Puge, taa zikamulika tawi bichi limelala kwenye lami. Mguu unatoka kwenye mafuta wenyewe, hujaamua wewe. Mbele kuna lori limekufa. Sheria inataka pembetatu inayoakisi mwanga, na pembetatu ipo, lakini iko nyuma ya kiti, ndani ya nailoni iliyotoka nayo dukani, inamsubiri askari aiulizie. Pembetatu ni ya trafiki. Majani ni ya dereva mwenzako.

Halafu indiketa ya lori. Uko nyuma ya semi-trela, huoni mbele, dereva wake anakupigia ya kulia: tulia, kuna kitu kinakuja. Anakupigia ya kushoto: pita. Unaiweka roho ya abiria 50 mikononi mwa mtu usiyemjua jina, kwa balbu moja ya manjano, na anakuwa mkweli. Na msafara wa msiba ukipita mchana umewasha taa, hapa kwetu mpaka mwenye baiskeli anashuka. Nani aliandika hiyo?

Upande wa pili kuna zile tunazozichezea: zebra, hamsini kwenye makazi, helmeti ya abiria, kumpisha aliyeshaingia kwenye kipilefti. Hizo zimeandikwa kabisa, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 na kanuni zake, zina namba za vifungu. Ndizo tunazoziruka.

Ninavyoona mimi ni hivi. Majani ameyaweka mtu aliyekwama, na kila dereva anajua kesho atakwama yeye. Bendera nikiipuuza, mtaa mzima unaniangalia, na mtaa huo ndio unaoniletea pancha. Lakini zebra? Dereva hajioni akiwa mtu wa kuvuka kwa miguu. Zebra kwake ni habari kati yake na trafiki, na trafiki leo hayupo.

Kinachobaki tumekigeuza bei, na hapa naungama, nisionekane nawasema vijana. Nikiwa kwenye basi nilizijua namba zote: vijijini 50, na basi popote lisizidi 80. Tajiri wangu alikuwa anatoa hela ya dizeli, hela ya chakula na hela ya njiani. Hela ya njiani maana yake ni kuandikiwa, au kumalizana kabla ya kuandikiwa. Ilikuwa kwenye hesabu kama mafuta ya breki. Sheria ikishaingia kwenye hesabu hujiulizi tena kama unakosea, unajiuliza kama unaimudu.

Ongezea kwamba miaka hiyo basi lilikuwa haliruhusiwi kutembea usiku kucha, hilo limefunguliwa Oktoba 2023 tu. Ukichelewa mizani Singida, unalala njiani na abiria wanakutukana mpaka asubuhi. Kwa hiyo sheria moja tuliitii kwa kuvunja nyingine. Kulikuwa na kijiji ambacho tochi ilipenda kukaa, pale nilipita 48, mpole kama bwana harusi. Kijiji kinachofuata kilikuwa na shule vile vile, na watoto vile vile, ila tochi haikuwa na mazoea nacho. Pale nilipita 78.

Sikumgonga mtu. Nasema kwa sababu mtaniuliza. Ilikuwa bahati, si udereva.

Sasa ninyi: unatii ipi, unaruka ipi, na kwa nini? Semeni kweli, humu hatujuani sura.

#2 Mchana Kweupe

Mkuu umeandika gazeti zima. Jibu ni neno moja: njaa.

#3 Kijiwe Namba Moja

Shikamoo fundi. Huyo kijana kama si mimi ni pacha wangu, na kama ni mimi nakudai, ile rimu uliyoninyoosha imerudi kupinda.

Aliyesema njaa amesema nusu. Pikipiki si yangu. Jioni tajiri anataka hesabu yake, iwe kulinyesha au kuliwaka. Wanafunzi wawili wanatoka shule moja, wanakwenda mtaa mmoja, mfukoni kila mmoja ana mia tano. Nikimbeba mmoja nimuache mwingine, aliyebaki anachukuliwa na mwenzangu. Nikiwabeba wote nina buku kwa safari moja na wese lile lile. Faini ya boda ilishushwa 2021 kutoka elfu thelathini hadi elfu kumi, tulishangilia. Lakini fundi akili yako naielewa: elfu kumi ni mshikaki wa siku moja na nusu. Naimudu.

Kipilefti sasa, huko nisidanganye, si njaa. Kuzunguka kipilefti hakuniongezei hata kijiko cha petroli. Nakatiza kwa sababu naona hakuna gari, na kwa sababu kijiwe kizima tunakatiza. Nikizunguka peke yangu wataniuliza kama nimepata ajira serikalini.

Na bendera nasimama kwa sababu hiyo hiyo. Siku moja mwenzetu alipita inashuka. Aliitwa "Mrundi" mwezi mzima, na Mrundi wa watu hakuhusika.

Kuhusu bibi, naomba radhi. Sikumwona. Nilikuwa nawaangalia wanafunzi kwenye kioo kama wamekaa vizuri.

#4 Nesi wa Zamu

"Sikumwona" ndiyo kauli inayoandikwa kwenye karatasi zetu kuliko zote. Nipo wodi ya majeruhi, hospitali sitaitaja.

Mdogo wangu wa kijiwe, nizungumzie helmeti ya kiwiko. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zilikusanywa pamoja, zikaonyesha mwendesha pikipiki aliyevaa helmeti uwezekano wake wa kufa unapungua kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa asilimia 69. Hiyo ni ikiwa kichwani na imefungwa. Mara ngapi tunampokea mtu na helmeti yake inaletwa na msamaria mwema baadaye, safi, haina hata mkwaruzo, kwa sababu iliruka kabla yake. Ukanda haukufungwa. Alivaa ya trafiki, kama pembetatu ya fundi.

Lakini na mimi niseme kweli kama mlivyoomba. Nikipanda boda baada ya zamu, akinipa ile helmeti ya pili naikataa. Nimesuka kwa elfu ishirini, na ndani ya ile sponji kuna jasho la watu arobaini tangu asubuhi. Mimi, ninayejua asilimia zote hizo. Mwezi uliopita nilianza kubeba kitambaa chepesi cha kuvaa chini yake, nikiwa na kitambaa navaa. Nikikisahau, naomba Mungu.

Kwa hiyo msidhani kujua kunatosha.

#5 Tani Thelathini

Fundi nakuheshimu lakini hapo kwenye indiketa umepaka asali. Mimi niko kwenye semi mwaka wa kumi na sita, Dar–Kigoma kupitia hapo kwenu.

Indiketa ya kulia ina maana mbili. Ya kwetu ni "usipite". Ya kitabu ni "nakata kulia". Na ya kushoto vile vile, "pita" au "nasimama pembeni". Siku moja baada ya Urambo nilikuwa nataka kweli kuingia kulia kwenye ghala la tumbaku. Nimepiga indiketa mapema kama sheria inavyotaka. Nyuma yangu mgeni wa njia, gari dogo la mjini, akapitisha. Tulikutana mlangoni kwangu. Kwa kitabu asingepita, na kwa sheria yetu asingepita; aliisomaje ile indiketa, mpaka leo sijui, ila nilijifunza kwamba sheria yetu ya mdomo inafanya kazi kama wote mlizaliwa kijiji kimoja. Akija mmoja asiyeijua, inaua.

Na taa je? Mnapopishana mnapigiana taa kwamba mbele kuna tochi. Huo nao ni upendo wa dereva kwa dereva, haujaandikwa, unatiiwa na wote. Nimewahi kumpigia taa mtu aliyekuwa anakimbia hivyo. Akapunguza, akapita kwa trafiki kama malaika. Baada ya kilomita kumi nikasikia kwenye simu ameingia kwenye ng'ombe. Ng'ombe hawana wa kuwapigia taa.

Kwa hiyo usiseme kila tunachotii wenyewe ni kizuri.

#6 Mwembe wa Mjerumani

Wajukuu, nawasalimu. Nina miaka 71 na sijawahi kuendesha chombo chochote zaidi ya baiskeli, kwa hiyo mimi ni yule bibi wa zebra, ila wa kiume.

Mnazungumza kama vile sisi wa miguu ni malaika. Mimi zebra nikiiona naikwepa. Nitawaambia kwa nini. Iliyo karibu na kwangu ilichorwa kwenye jua. Mtu wa Tabora anatembea kwenye kivuli, tangu enzi za babu zetu tunatembea kwenye kivuli, ndiyo maana miembe ipo. Mwezi wa kumi saa nane mchana hakuna binadamu atakayetoka chini ya mwembe, aende mita themanini juani akavukie mistari, halafu arudi mita themanini kwenye kivuli cha ng'ambo. Tunavuka mwembe kwa mwembe. Angalieni tu, hata vumbi kwenye ukingo wa lami linaonyesha njia tulipoichora wenyewe.

Aliyechora zebra alikuwa ndani ya gari lenye kiyoyozi.

Na pembeni tungepita wapi? Pembeni kuna pikipiki za kijiwe, meza ya vocha, mihogo, na fundi baiskeli.

#7 FundiSpoki

Mzee wangu hapo mwisho umenipata kifuani. Meza nitaisogeza.

@Tani Thelathini nakubali, nilipaka asali. Nimekaa nayo siku nzima hiyo ya ng'ombe.

#8 Ijumaa Jioni

Mimi natii zote. Mkanda, hamsini, zebra nasimama mpaka wanaonifuata nyuma wananipigia honi. Mpaka Ijumaa jioni. Baada ya hapo natumia ile ya pombe, miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, ila kipimo changu ni macho: nikiona taa za stesheni ni mbili mbili, naacha gari. Dereva wa biashara hata tone haruhusiwi, namshukuru Mungu mimi si wa biashara.

#9 Nesi wa Zamu

@Ijumaa Jioni taa zikishakuwa mbili, hiyo 80 uliivuka zamani sana. Tupe namba ya ndugu yako wa karibu kabisa tuwe nayo.

#10 Mwalimu wa Saa Tano

Mada nzuri. Nafundisha uraia, naomba niongeze vitu vitatu ambavyo si vya kwetu ila vinaingia hapa, halafu nimuulize mleta uzi swali.

Marekani kuna mwanasaikolojia anaitwa Tom Tyler. Mwaka 1984 watu 1,575 wa Chicago walihojiwa kuhusu sheria za kila siku, zikiwemo za kuegesha gari na mwendo kasi. Alichokikuta ni kwamba hofu ya kukamatwa ina nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Kilichotangulia ni kama mtu mwenyewe anaona jambo lile ni baya, na kama anaona wenye mamlaka wanamtendea haki. Mtu aliyesimamishwa akasikilizwa vizuri anaweza kuadhibiwa na bado akaiheshimu sheria. Aliyesimamishwa na mtu anayemchungulia mfukoni, basi tena.

Cha pili kinampinga huyo wa kwanza, ndiyo maana nakipenda. New York, makao makuu ya Umoja wa Mataifa, wanadiplomasia walikuwa hawalazimiki kulipa faini za maegesho. Kati ya 1997 na 2002 zilirundikana faini zaidi ya 150,000 ambazo hazikulipwa. Wachumi Raymond Fisman na Edward Miguel wakaangalia nani anadaiwa. Wa kutoka nchi zenye rushwa nyingi walidaiwa sana. Wa Norway na Sweden karibu hawakudaiwa kitu, ingawa nao hakuna ambaye angewafanya lolote. Hapo utasema ni tabia ya kwao. Lakini mwishoni mwa 2002 mji ukaanza kuwanyang'anya vibao vya kidiplomasia wasiolipa, na makosa yakaporomoka kwa asilimia 98 hivi. Watu wale wale. Tabia iliyotoka kwao ikaisha kwa bisibisi ya kung'olea kibao.

Cha tatu ni jirani zetu. Kenya walibandika stika ndani ya matatu, maneno machache tu ya kumwambia abiria asinyamaze dereva akiendesha vibaya. Hawakuongeza polisi hata mmoja. Utafiti wa kwanza wa James Habyarimana na William Jack ulikuta madai ya bima kwenye magari yenye stika yamepungua kati ya nusu na theluthi mbili.

Swali kwa fundi: miaka 13 kwenye basi, abiria wangapi walikwambia upunguze mwendo?

#11 Mchana Kweupe

Chicago na Tabora wapi na wapi. Huko trafiki hakujui. Huku trafiki ni shemeji.

#12 Nilivua Gwanda

Aliyesema shemeji amesema kweli. Nimestaafu kazi ya barabarani, sisemi mji gani.

Mji mdogo una shida yake. Unamsimamisha mtu, anashuka anakuamkia kwa jina la mtoto wako. Alikubebea maji wakati wa msiba. Unamwandikiaje? Unamwambia nenda, usirudie. Nyuma yake anakuja mgeni, mtu wa mkoa mwingine, kosa lile lile, huyo unamwandikia. Yule wa pili anaondoka anajua sheria ni ya wageni, na yule wa kwanza anaondoka anajua sheria ni ya wasiojulikana. Wote wawili nimewafundisha vibaya kwa dakika kumi.

Siku hizi kuna kumbukumbu namba, faini inalipwa kwa simu, deni linabaki kwenye mfumo hata ukimbilie Mpanda. Imesaidia. Hela haipiti mkononi, na askari ana cha kusingizia: "mfumo, ndugu yangu, mfumo." Mnaona ni utani, lakini askari naye anahitaji kisingizio cha kutenda haki mbele ya shemeji.

Mkinilaumu nilaumuni. Ila siku niliyosimama juani katikati ya zebra, si kuandika mtu, kuvusha watoto tu, sikumwona hata mmoja aliyepita. Hata hao wa mishikaki walisimama. Sikuwa na kitabu wala mashine.

#13 Mteremko wa Mwanga

Salamu kutoka Kigoma. Ninyi mna tambarare mnalalamika. Huku boda akitoka Mwanga kushuka stesheni anazima injini kuokoa mafuta, anateleza kimya mpaka chini, honi haisikiki vizuri, breki ndiyo kila kitu. Sheria anayoitii pale ni moja, ya mteremko. Nimemaliza.

#14 Kijiwe Namba Moja

@Mteremko wa Mwanga huku tungefanya hivyo hivyo, tatizo ukizima injini Tabora unasimama hapo hapo 😂

#15 FundiSpoki

Mwalimu, swali lako nimelikimbia siku mbili. Nimerudi.

Ndani ya miaka 13 nakumbuka watatu. Wa kwanza alikuwa mlevi, tukacheka. Wa pili alikuwa padri, nilipunguza mpaka aliposhuka. Wa tatu ndiye ninayetaka kumsimulia.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho. Tulishafungiwa kile kidude cha kufuatilia mwendo, ukivuka themanini na kitu kinalia ndani ya basi zima kama mtoto mwenye njaa. Mwanzoni tulikichukia. Baadaye niligundua kwamba kinalinda 80 tu. Hakijui vijiji. Hamsini ya pale penye shule, kidude kimenyamaza, mimi nina 78, roho nyeupe kabisa, kwa sababu hakijalia. Sheria ilikuwa imehamia ndani ya kile kidude, na nilichokuwa natii ni kelele.

Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu, ana kikapu cha matobolwa, akaniambia kwa sauti ya kawaida, bila ukali: "Baba, hawa watoto wa hapa mbona unawapita kana kwamba hawafanani na wa kule ulikopunguza?" Alikuwa amehesabu. Tangu Nzega alikuwa anahesabu vijiji nilivyopunguza na nilivyoacha.

Nilipunguza. Kwa aibu. Utingo wangu aliniangalia kama nimeugua. Abiria wengine hawakusema kitu, lakini nilisikia basi zima limenyamaza, ule ukimya wa bendera. Kijiji kilichofuata nikapunguza tena, na kilichofuata. Tuliingia Tabora tumechelewa dakika kumi na nane, nilizipima. Dakika kumi na nane, wakuu, na basi lenye mwendo wa 80 lina nguvu ya kugonga zaidi ya mara mbili na nusu ya basi lile lile lenye 50. Hiyo hesabu nilifanyiwa na mwanangu wa kidato cha tatu baadaye, kwenye kipande cha boksi la tairi.

Nawaambieni nilivyo kweli: wiki iliyofuata mama yule hakuwemo, nikarudi 78.

Ndiyo maana @Nilivua Gwanda nimesoma hapo kwako pa kuvusha watoto mara tatu. Na mzee wetu, jana nilikwenda na rula ya macho kuangalia zebra ya hapa kwangu. Kweli iko juani. Njia ya vumbi inatoka mwembe wa kwangu mpaka mwembe wa mama wa karanga, imenyooka kama imepigwa kamba. Bibi yule wa Jumatano ndiye peke yake aliyekuwa ameamua kufuata mistari.

#16 Mwembe wa Mjerumani

Na akarushwa. Kesho atapita kivulini na sisi.

#17 Kijiwe Namba Moja

Fundi nimewasomea hii kijiweni jioni hii, tumecheka, tukabishana mpaka abiria wakapanda bajaji. Mmoja kasema sisi tukubaliane tu wote tuzunguke kipilefti, aliyekatiza anunue soda za kijiwe. Watano wamekubali, wawili wamesema soda ni ghali kuliko trafiki.

Halafu ile helmeti ya pili klipu ya ukanda imekatika tangu mwaka jana. Unaweza kuweka nyingine? Shilingi ngapi?

#18 Nesi wa Zamu

Weka na sponji mpya, mdogo wangu. Hiyo ya sasa naijua.

#19 FundiSpoki

Klipu elfu moja mia tano, sponji tutaongea. Njoo kabla ya saa kumi na mbili. Kibanda kinatazama kipilefti, nitaona umekuja kwa njia gani.